Nepi Zangu na Sawa za Kinyozi

Mwenye nyumba wetu ni kinyozi, na jina lake la kuzaliwa hakuna anayelitumia. Mtaa mzima unamwita Mzee Sawa. Duka lake liko ng'ambo ya barabara, mkabala na jengo tunalokaa: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa kwenye kona, benchi la kusubiria, na pazia la maua ambalo nyuma yake ndiko anakolala yeye na mkewe. Nyumba yake, tuliyoipanga sisi, iko kwenye jengo hilo, ghorofa ya juu kabisa, lakini humo hajalala hata siku moja. Akifika ghorofa ya pili kichwa kinamzunguka. Anashika ukuta, anaangalia juu, anasema, "Sawa, nimeiona," halafu anateremka.

Utauliza mtu asiyeweza kupanda ghorofani alinunuaje nyumba ya ghorofani. Hata mimi niliuliza. Aliyenijibu ni mkewe, tukiwa tumekaa kwenye benchi, yeye anakunja taulo za kazi na mimi nina mtoto mapajani.

"Mkandarasi aliyejenga hilo jengo alikuwa mteja wake," akasema. "Siku hiyo amekaa kitini, kichwa amekilaza nyuma, wembe uko hapa." Akajigusa kooni. "Akasema, 'Mzee, na wewe uchukue nyumba moja.' Huyu akasema sawa. Tunakuja kushtuka, tumeshakabidhiwa funguo. Mwenzio nilikuwa naota bustani."

"Kwa nini asikatae, mama?"

"Huyu? Akatae? Hata kuoana, mimi ndiye niliyemwambia tuoane. Akasema sawa. Mpaka leo sijui kama alitaka."

Mzee alikuwa anafagia nywele. Akasema bila kuinua macho, "Nilitaka."

"Haya! Imebidi nizeeke kwanza ndipo niambiwe!"

Sawa zake zina asili yake. Kazi alifundishwa na mjomba wake, tangu hata ndevu zake mwenyewe hazijaota, na mjomba alimwonya jambo moja kabla ya kumkabidhi wembe: mteja akishakulazia shingo usimbishie, kwa sababu atageuka ghafla akujibu, na utamkata. Akashika hilo. Akalishika mno. Kwanza alikuwa anakubali kila kitu akiwa na wembe mkononi. Baadaye akawa anakubali akiwa na mkasi. Baadaye akawa anakubali akiwa na kikombe cha chai.

Siku ya mechi kubwa utawaona mashabiki wa timu zote mbili wanatoka dukani kwake wamenyolewa vizuri, na kila mmoja anasema, "Hata Mzee Sawa kasema tutashinda." Kuna ndugu wawili waligombea kitanda cha marehemu baba yao. Mkubwa akaja kunyoa, akaeleza, akaambiwa ana haki kabisa. Mdogo akaja mchana, akaeleza, akaambiwa ana haki kabisa. Jioni wakakutana mbele ya kitanda, kila mmoja na haki yake kabisa, wakakivunja miguu.

Mimi mwenyewe nimeonja sawa hizo. Tangu tuhamie, bomba la jikoni linavuja. Nikimwambia Mzee, ananiambia, "Sawa, mwanangu, hilo bomba ni la kutengenezwa." Anasema kwa huruma ya kweli, mpaka narudi nyumbani nimeridhika. Nafungua mlango, nasikia matone yanadondoka kwenye beseni, ndipo nakumbuka kwamba hakuna kilichotengenezwa isipokuwa mimi.

Sasa nieleze jengo letu. Kila nyumba ina mwenyewe. Wenye nyumba wanachagua kamati, na kamati imemweka Meneja aangalie ngazi, taa, maji, geti na paa. Baadhi ya wenye nyumba wanakaa humo humo, na wengine, kama Mzee, wamepangisha. Wenye nyumba hawapendani sana, kwa hiyo ulipofika wakati wa kuchagua mwenyekiti wa kamati, kila aliyependekezwa alipingwa. Jina la Mzee Sawa halikupingwa na mtu. Nani atampinga mtu ambaye hajawahi kumpinga mtu? Akatumiwa ujumbe dukani kwamba amekuwa mwenyekiti. Akasema sawa.

Meneja ni mtu mwembamba, shati limechomekewa mpaka linalia, na kiunoni ana mkungu wa funguo. Unamsikia kabla hujamwona. Sio mtu mbaya. Nimemwona akimbebea Nesi mstaafu wa ghorofa ya kwanza mfuko wake wa soko mpaka mlangoni, tena anauliza kama presha imeshuka. Lakini anapenda kanuni jinsi wengine wanavyopenda chumvi, na kanuni anayoipenda kuliko zote inasema kwamba uongozi wa jengo unawasiliana na mwenye nyumba tu. Mpangaji hatambuliki.

Mwanzoni nilidhani ni maneno tu. Siku moja taa ya ngazi iliungua, nikamkuta Meneja amesimama chini ya ile taa, nikamwambia.

"Meneja, taa hii imeungua."

Akaangalia juu, akaangalia pembeni. "Mwambie mwenye nyumba wako aniambie."

"Lakini si hiyo hapo juu ya kichwa chako?"

"Dada, mimi sijasikia kitu. Kikanuni."

Nikavuka barabara na mtoto mgongoni, nikamwambia Mzee. Mzee akampigia simu Meneja. Nikavuka tena, nikamkuta Meneja pale pale gizani, simu sikioni, anasema, "Asante sana, mwenyekiti, kwa taarifa. Nimeshtuka sana." Akakata simu, akamwita mlinzi alete taa. Mimi nimesimama hapo, naye ananikwepa kama nguzo.

Tungeendelea hivyo hivyo, maana mtu huzoea hata kuwa nguzo. Kilicholeta ugomvi ni nepi.

Binti yangu ngozi yake ni laini, na nepi za dukani zinamwasha, kwa hiyo namfunga za kitambaa. Nepi za kitambaa zinataka vitu viwili, maji na jua. Maji yapo, mpaka yanavuja. Jua lilikuwa juu ya paa, ambako waliojenga waliweka kamba ndefu za kuanikia, na wanawake wote wa jengo, wenye nyumba na wapangaji, tulikuwa tunakutana pale asubuhi na mabeseni yetu. Hapo ndipo nilipojifunza mambo mengi ya jengo hili, kwa sababu mtu akiwa na vibanio mdomoni anasikiliza zaidi.

Asubuhi moja nikapanda na beseni nikakuta kufuli. Kwenye mlango kuna tangazo kwamba paa limefungwa kwa ajili ya hadhi ya jengo, na kwamba nguo zisionekane vilevile madirishani na vibarazani. Chini yake: kwa ridhaa ya mwenyekiti.

Nesi alikuwa amekuja nyuma yangu na shuka zake. Akasoma, akapiga mlango teke kidogo kwa kandambili.

"Hadhi gani?" akasema. Kisha akainama juu ya ngazi akapaza sauti. "Meneja! Hadhi gani?"

Funguo zikalia kutoka chini, zikapanda. Nesi ni mwenye nyumba, kwa hiyo anasikika.

"Mama, kuna watu wanakuja kuangalia nyumba zinazouzwa," Meneja akasema. "Wakisimama kule barabarani wakiinua macho, wanaona nepi. Jengo linaonekana kama kuna watu wanaishi humu."

"Kwani hawaishi?"

"Wanaishi, mama, lakini si lazima ionekane."

Nilivuka barabara mbio. Mzee alikuwa hana mteja, ananoa wembe kwenye mkanda wa ngozi.

"Mzee, shikamoo. Eti umekubali paa lifungwe?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekubali."

"Sasa mimi nepi za mtoto nianike wapi?"

"Si juu ya paa?"

"Mzee, paa limefungwa!"

Akaacha kunoa. Akafikiri. "Ni kweli," akasema. "Hapo una haki kabisa."

"Na Meneja?"

"Yeye pia aliniambia vizuri sana. Alikuwa hapa kitini, nimemfikisha kwenye kidevu."

Nikamwangalia yule mzee wa watu, macho yake yamejaa upole, nikakosa hata pa kukasirikia. Unawezaje kugombana na mtu ambaye kila ukisema neno anakuunga mkono?

Basi nikaanza kuanika ndani. Nepi zikakaa migongoni mwa viti, kwenye mpini wa ufagio, juu ya mlango wa chooni. Baba yake mtoto, ambaye kazi yake ni kuziba matairi na jioni anarudi na harufu ya mpira, akawa anainama anapopita sebuleni kama mtu anayepita msituni. "Mke wangu," akasema, "hii nyumba imekuwa kama meli." Nikacheka, lakini nepi hazikukauka. Zilikuwa zinapoa tu, zinabaki na ule unyevu unaousikia ukizibana shavuni. Binti yangu akaanza kutoka upele mapajani, mwekundu, wenye hasira. Nikimbadilisha analia kwa sauti nyembamba ambayo hakuwa nayo zamani. Nesi akaja kumwona, akamgeuza taratibu, akasema dawa atanipa, lakini dawa juu ya nepi mbichi ni kazi bure. "Huyu anataka nguo iliyopigwa na jua, mwanangu. Basi."

Nikatoa nepi dirishani. Chache tu, upande wa nyuma, zile za ndani kabisa zinazogusa ngozi. Haikupita muda nikasikia funguo zinapanda ngazi. Meneja akasimama mlangoni kwangu, akaniangalia, akatoa simu, akampigia Mzee.

"Mwenyekiti, mwambie mpangaji wako kuna nepi dirishani."

Nikasikia sauti ya Mzee kwenye simu ikisema sawa. Baada ya kidogo simu yangu ikaita. Meneja bado yuko mlangoni.

"Mwanangu," Mzee akasema, "kuna nepi dirishani."

"Ndiyo, Mzee, nimeziweka mimi. Mtoto ana upele."

"Ooh, maskini. Basi umefanya vizuri."

Meneja, ambaye alikuwa anasikia kila neno na hakuruhusiwa kikanuni kusikia hata moja, akafura mashavu, akateremka.

Kesho yake akaitisha kikao cha wenye nyumba. Mzee alipopata habari akampaka mteja povu mara mbili bila kumnyoa, na kwa kinyozi hilo si jambo dogo. Akaniita dukani.

"Mwanangu, mimi vikao siviwezi. Watu wakipandisha sauti, moyo wangu unakwenda mbio. Kanuni zao zinasema mwenye nyumba anaweza kutuma mwakilishi. Nenda wewe."

"Mimi? Mzee, mimi ndiye ninayejadiliwa!"

"Basi utayajua mambo vizuri."

Mkewe akacheka mpaka taulo zikamwanguka.

"Nikaseme nini?" nikauliza.

"Useme sawa. Wakisema lolote, wewe sema sawa. Usibishane na mtu. Niahidi."

Nikaahidi. Alikuwa ananiangalia kama mtoto anayeomba asiachwe peke yake, nami maombi ya namna hiyo siyawezi.

Kikao kilikuwa chini, mahali pa kuegesha magari, viti vya plastiki vimepangwa katikati ya madoa ya oili. Nilipofika na mtoto mgongoni, Meneja akainua mkono anizuie. "Hiki ni kikao cha wenye nyumba tu."

"Nimetumwa na mwenyekiti. Ni mwakilishi wake."

Niliona kanuni ikipita kichwani mwake taratibu, kama mzigo mkubwa unaopitishwa kwenye mlango mdogo. Akaangalia mbele, nyuma, akakosa pa kuchepukia. Kisha uso wake wote ukabadilika. Akanyoosha shati.

"Anayemwakilisha mtu ndiye mtu huyo," akatangaza. "Karibu sana, mwenyekiti."

Wallahi, nikavutiwa kiti cha mbele. Mtu akanifutia vumbi. Meneja yule yule aliyekuwa ananikwepa kama nguzo akaniuliza kama jua halinipigi. Nikafungua kanga, nikampakata binti yangu, nikasema, "Endeleeni." Sauti yangu mwenyewe ikanishangaza. Nesi, aliyekaa mstari wa mbele, akajifunika mdomo.

"Mwenyekiti," Meneja akaanza, "tuna mpangaji msumbufu kwenye nyumba yako."

"Namfahamu," nikasema.

"Ni mkaidi. Ameelezwa kuhusu nepi, hasikii."

"Ameelezwa na nani?"

"Na mwenye nyumba wake. Yaani na wewe, mwenyekiti."

"Basi labda sikumweleza vizuri."

Watu wakacheka. Meneja akakohoa, akasema kwamba uongozi unapendekeza mambo mawili. Paa liendelee kufungwa. Na mpangaji huyo akianika tena dirishani, mwenye nyumba amtoe, atafute pengine pa kukaa. "Mwenyekiti, unasemaje?"

Hapo kicheko kikaniishia. Binti yangu alikuwa amelala na kidole changu mkononi mwake. Nikaona vyombo vyetu vimewekwa barabarani, baba yake anatafuta gari la kukodi, mimi nimekaa juu ya godoro nimepakata beseni. Nilikuwa na mengi ya kusema. Lakini hapo sikuwa mimi, nilikuwa Mzee, na Mzee alikuwa amenituma neno moja tu, nami nimeahidi.

"Sawa," nikasema.

Meneja akapumua. Nesi akasimama, kiti chake kikaanguka nyuma.

"Mimi pia ni mwenye nyumba hapa! Na mimi napendekeza paa lifunguliwe leo hii, na huyo mpangaji aachwe alee mtoto wake. Mwenyekiti, unasemaje?"

"Sawa," nikasema.

Meneja akanigeukia.

"Mwenyekiti," Meneja akasema, "huwezi kukubali yote mawili."

"Ndivyo nilivyotumwa."

"Lakini paa haliwezi kufungwa na kufunguliwa!"

"Sawa."

"Usiseme sawa!"

"Sawa."

Mtu wa nyuma akacheka hadi akaomba maji. Meneja akashika kichwa kwa mikono miwili. Kikanuni, paa lilikuwa limefungwa na liko wazi, na mimi nilikuwa nimefukuzwa na naendelea kukaa. Akasema hilo haliwezi kuandikwa popote. Itabidi amuulize mwenyekiti mwenyewe, uso kwa uso, Jumamosi, siku yake ya kunyoa.

Jumamosi nikawahi. Nilikaa kwenye benchi, pembeni ya mkewe Mzee, mtoto mapajani. Nilikuwa nimemsimulia Mzee kila kitu, naye alikuwa ameniambia nimefanya vizuri sana. Nilimwambia pia, "Mzee, leo ukisema sawa, ujue ni kwaheri yetu." Akajibu, "Sawa," halafu akasikia alichojibu, akajiziba mdomo.

Meneja akaingia, akatundika mkungu wake wa funguo kwenye msumari, akakaa. Mzee akamfunga kitambaa cheupe shingoni, akampaka povu, akamlaza kichwa. Shavu moja likanyolewa, safi kabisa. Wembe ulipohamia upande wa pili, Meneja akaanza, macho yameangalia dari.

"Mwenyekiti, leo nataka neno moja. Paa lifungwe, na mpangaji atolewe. Ndiyo au siyo?"

"Sa..." Mzee akaanza.

Binti yangu akalia, ile sauti nyembamba. Nikamlaza nimbadilishe, nikafungua nepi, na kwenye kioo, pale kwenye ufa, nikaona macho ya Mzee yameshuka mpaka kwenye mapaja ya mtoto. Alikuwa amesikia habari za ule upele kila siku, na kila siku amekubali kwamba upo. Lakini kuuona alikuwa hajauona.

Wembe ukasimama hewani. Akaufuta kwenye taulo, akaukunja, akauweka mezani. Kisha akatoka nje.

"Anakwenda wapi?" Meneja akauliza dari.

Mzee alivuka mfereji, akasimama pembeni ya barabara, kwenye jua. Akageuka kutuangalia kupitia mlangoni. Midomo ikacheza kwanza bila sauti, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu.

"Bwana Meneja!" akaita. "Hapana!"

Mkewe akanishika mkono, akauminya.

"Hapana nini?" Meneja akapiga kelele kutoka kitini.

"Paa lisifungwe! Na mpangaji wangu hatoki!"

"Njoo ndani tuzungumze!"

"Siji! Huko ndani kuna wembe. Nikija nitasema sawa. Nizungumzie hapa hapa!"

Meneja hakuwa na la kufanya. Akatoka na kitambaa chake cheupe shingoni, shavu moja linang'aa na jingine limejaa povu, akasimama katikati ya watu wanaopita. Muuza magazeti akasimama. Wanawake wenye mifuko wakasimama. Mtu aliyevaa vizuri, ambaye alikuwa ameinua macho analiangalia jengo letu, akayashusha akamwangalia yeye. Nikatazama kile kitambaa cheupe kilivyofungwa kwa fundo nyuma ya shingo, nikatazama uso wake uliovimba kwa hasira, nikamwonea huruma kabisa. Nimefunga nepi nyingi namna ile. Najua aliyefungwa anavyojisikia.

"Mwenyekiti, hadhi ya jengo!" akasema.

"Hapana," Mzee akasema, na safari hii neno lilitoka bila kusukumwa.

"Lakini juma lililopita ulikubali!"

"Nilikuwa nakunyoa!"

"Kwa hiyo yote uliyokubali kitini..."

"Yote. Tangu nianze kazi."

Mtu mmoja kwenye kundi, mwenye jezi ya timu yake, akashika kiuno. "Yote, Mzee?"

"Yote, mwanangu. Nisamehe."

Meneja akafikiri, povu linamtiririka kwenye kola. Nilitegemea angetukana. Lakini nilikuwa nimesahau kitu anachokipenda. "Ridhaa ya mwenyekiti haipo," akasema polepole. "Basi kikanuni paa halikuwahi kufungwa. Siwezi kufunga paa bila ridhaa." Mabega yakashuka, na nadhani niliona amepumzika, kwa sababu sasa jambo lilikuwa linaweza kuandikwa. Akainua kidole. "Lakini ni kwa wenye nyumba na wawakilishi wao tu! Wapangaji hatuwatambui!"

"Na mpangaji wangu?" Mzee akauliza.

"Mpangaji yupi? Simfahamu. Nitamtoaje mtu nisiyemtambua?"

Mzee akarudi ndani, akachukua wembe, akamalizia shavu la pili kwa upole ule ule. Meneja alijitazama kwenye kioo, akachukua funguo zake, akasema kanyolewa vizuri.

Kesho yake nikapanda na beseni langu. Kufuli limeondolewa, badala yake amewekwa mlinzi kwenye kiti.

"Wewe ni mpangaji?" akauliza, ingawa tunasalimiana kila siku na nimempa chai yangu mara nyingi.

"Mwakilishi."

"Wa nani?"

"Wa mwenye nyumba, Mzee Sawa."

Akachungulia beseni. "Na hizi nepi ni za mwenye nyumba?"

"Ndiyo, ni zake."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mzee wa watu. Mwambie nampa pole."

Nyuma yangu walikuwa wanapanda wawakilishi wengine, kila mmoja na nguo za mwenye nyumba wake: magauni, soksi za shule, sidiria. Nikatandika kanga pale juani, nikamlaza binti yangu matako wazi. Nepi zikajaa upepo. Jioni nilipozibana shavuni zilikuwa kavu, zina ule ugumu kidogo na harufu ya jua, na upele baada ya hapo ukaanza kufifia wenyewe.

Nilipeleka habari dukani. Mkewe Mzee akaniambia mwenzake amenogewa. Asubuhi amempa chai, akasema hapana, haina sukari. "Nilifurahi," akasema, "halafu nikakasirika."

Mzee alikuwa anamnyoa mtu. Nikaona nami nitumie bahati ya siku hiyo.

"Mzee, na lile bomba la jikoni bado linavuja. Utalitengeneza?"

Akaniangalia kwenye kioo. Akaufuta wembe, akaukunja, akauweka mezani, akaanza kuelekea nje.

"Mzee!" nikamwita. "Rudi ndani!"